Kiti cha Kushoto

Watu wa Tororo husema niliolewa na gari. Wamesema hivyo tangu mwaka 1965, na sijachoka kuwaambia kuwa ni waongo. Gari lenyewe sikulipenda hata kidogo. Lilikuwa jekundu, limeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na lilikuwa na viti viwili tu. Gari la viti viwili katika nchi ya watu wanaosafiri na mashangazi! Nilichopenda ni magurudumu yake, na hata hayo si kwa uzuri. Nilitaka kujua yanakaaje.

Mwenye gari alikuwa mchumba wangu, Eriya Osire, mtu wa Busia, fundi umeme wa kiwanda cha saruji cha Tororo. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Siku zile kwetu Mwafrika mwenye gari la mbio alikuwa mmoja, naye ndiye huyo, na kila alipopita wachungaji waliacha ng'ombe waingie mahindini. Magurudumu yake yalikuwa ya spoki, kama ya baiskeli lakini manene, yanameta. Ulaya huenda yanafaa. Barabara yetu ya murram iliyavunja spoki mbili mbili kila wiki, hadi Jumamosi moja pale Bulumbi gurudumu la mbele likakunjika, na Eriya akajikuta katikati ya shamba la pamba la watu, bado kashika usukani, kofia haijulikani iliko.

Hapo ndipo baba alipoingia. Baba yangu, Sajini Oluka, alikuwa amestaafu polisi mwaka uliotangulia, baada ya miaka ishirini na miwili ya kukagua magari, lakini habari za kustaafu kwake hazikuwa zimemfikia mwenyewe. Alimwita Eriya nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila neno.

"Mtu asiyejua gari lake limesimama juu ya nini, nyumba yake ataijuaje? Tafuta magurudumu halali, yanayolikaa hilo gari sawasawa. Kisha lilete nilikague mwenyewe. Mpaka nilipitishe, Amoit hatii mguu humo ndani, na habari ya ng'ombe wa mahari usinitajie."

Basi ndoa yangu ikaning'inia kwenye nati. Msichana mwingine angelia. Mimi nililia kidogo, kisha nikachukua futi ya kushonea nikaenda gereji ya Obbo.

Obbo alikuwa Mpadhola mfupi, mwenye hasira za karibu, na fundi stadi kuliko wote katika njia ya Busia. Aliponiona na futi yangu alicheka.

"Dada, unakuja kushonea gari gauni?"

"Nakuja kuuliza. Ringi gani itakaa?"

"Ringi iko mingi. Ile ya kukaa ndiyo iko kidogo."

Nikamwambia anionyeshe. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa na mtu aliyetaka kweli kujibiwa, na jambo hilo lilimlainisha. Alikuwa amekwisha kuvua vitovu vya spoki na kuweka vingine vya bolti nne, vya gari la familia la kampuni ile ile. Akaniambia nipime kutoka bolti hadi bolti ya mkabala. "Hii ikikosa upana wa ukucha tu, usilazimishe. Nati itakaza leo, kesho itakuaga." Kisha nikapima tundu la katikati, ambalo lazima likamate kitovu bila kuchezacheza. Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Ringi mbili zaweza kulingana mduara na matundu, lakini moja imezama na nyingine imetokeza, kama sahani mbili za seti moja, ya wali na ya mchuzi. Iliyotokeza hulitoa tairi nje ya madigadi, na polisi anakungoja. Iliyozama mno husugua springi.

Nilikwenda pale siku tatu. Nilipima kila ringi iliyotupwa uani, hata za trekta, kwa sababu nilishindwa kujizuia. Mwishowe nikapata nne za chuma, nyembamba, za kijivu, zilizotoka kwenye gari lililopinduka. Matundu sawa, kitovu sawa, kina sawa. Nikamwita Eriya.

Alizitazama, akakuna shingo. "Amoit, hizi ni sufuria."

"Sufuria zinazokaa."

"Gari la mbio juu ya sufuria! Watu watanicheka hadi Masafu."

Eriya alipenda kutazamwa, hilo sitamfichia. Akaenda Busia, akavuka upande wa Kenya, akanunua kwa mtu aliyeacha mashindano ya magari ringi pana za kung'aa pamoja na matairi yake mapana. Seti ya kwanza ilitokeza nje vidole viwili. Hakufika hata sokoni; askari alimsimamisha, akamwonyesha kwa fimbo. "Bwana, hii gari miguu yake imetoka kwa kaptula. Rudi." Akazibadilisha kwa nyingine, pana vile vile lakini zilizozama zaidi, na Obbo akazifunga. Hizo zilikaa chini ya madigadi barabara, na gari likapendeza, lazima niseme. Nikaanza kuona kwamba labda nilikuwa nimekosea.

Wiki nzima aliliendesha kati ya Tororo na Busia bila kusikia mkwaruzo. Aliliendesha peke yake. Marafiki walipoomba awachukue aliwakatalia. "Kiti hicho kina mwenyewe," aliwaambia. Niliposikia maneno hayo nilitabasamu siku nzima, mjinga mimi.

Jumapili, baada ya misa, akalileta nyumbani. Baba alivaa kaptula yake ya polisi, ambayo sasa haikufunga kiunoni, akatoka na chaki na timazi ya mwashi. Alizigusa nati moja moja akizihesabu. Alining'iniza timazi kwenye ukingo wa madigadi, na tairi halikugusa kamba. Akalala chini chali, mzee wa miaka hamsini na saba, akapitisha vidole kati ya tairi na springi. Akauzungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kulia. Kisha akapaka chaki upande wa ndani wa madigadi zote nne, akaliendesha gari hadi barabarani na kurudi. Chaki ilikuwa vile vile.

"Hm," alisema, na kwa baba hiyo ni hotuba. Eriya akanikonyeza. Baba akaanza kufuta mikono, nami nilijua neno litakalofuata.

Lakini mimi nilikuwa nakitazama kile kiti cha kushoto. Ngozi yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikajiuliza, bila nia yoyote mbaya, kama nilivyojiuliza juu ya ringi za trekta: je, mtu akikaa pale? Gari litashuka kiasi gani? Juu ya tairi pana kama lile nafasi ilikuwa kidole kimoja tu. Nilijaribu kulimeza swali hilo. Nilijua kwamba likitoka mdomoni, huenda ndoa yangu ikatoka nalo. Na nilimpenda Eriya, nasema waziwazi, nilimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Swali nalo likawa halimezeki.

"Baba," nikasema, "hakuna aliyewahi kukaa kushoto."

Eriya aliacha kukonyeza. Baba alinitazama, akalitazama gari, akanitazama tena.

"Na akae Amoit mwenyewe basi," alisema Eriya.

"Nilisema hatii mguu mpaka lipite," alisema baba. "Halijapita." Akageukia jikoni, akaita, "Mama Amoit!"

Mama yangu, Amulen, alikuwa mwanamke wa kujaza mlango, na alijivunia jambo hilo. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kukaa kwenye gari lake. Mama aligoma kutoka mpaka ahakikishiwe yule mtu hayupo uani. Ikabidi Eriya, mwenye gari, aende nyuma ya ghala na kuupa uso ukuta wa udongo, huku mama akipita amejifunika kanga na kuingia katika kile kiti alichowekewa mwingine. Gari likapiga magoti. Baba akaachia breki.

Hawakufika barabarani. Penye mfereji wa maji ya mvua gurudumu la nyuma la kushoto likalia, mlio wa kitambaa kipya kinachochanwa, na harufu ya mpira ikatufikia pale tuliposimama. Baba alishuka kuangalia. Chaki ya upande ule ilikuwa imefutika yote, na tairi lilikuwa na jeraha.

"Halijapita," alisema.

Mama alirudi jikoni, na Eriya akatoka nyuma ya ghala. Aliuona mkato kwenye tairi lake. Hakunitazama. "Ungeniambia tukiwa wawili," alisema. Nilitaka kumjibu kwamba nami nililiwaza papo hapo, lakini injini ilikwisha kuwaka. Hakumuaga hata baba.

Wiki mbili hakuonekana. Mama aliniambia mdomo wangu umekula ng'ombe wetu. Nilijuta. Nilijiambia mwanamke mwenye akili angenyamaza, aolewe, kisha aulize maswali yake kwa maisha yote yaliyobaki. Halafu nikajiambia kwamba ningeulizia wapi, mferejini? Siku moja nikapita gereji ya Obbo ili tu nizione zile sufuria zangu nne, nami sikuzikuta.

"Zimekwenda wapi?"

"Nimeuza."

"Kwa nani?"

"Dada, wewe uliza ringi. Hapana uliza watu."

Wiki ya tatu, mwendesha baiskeli mmoja, miongoni mwa wale wanaovusha watu mpakani, aliniletea karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa Eriya, maneno matano: *Mama yako ana ratili ngapi?*

Damu ilinipanda. Kwetu mkwe halitamki hovyo hata jina la mama mkwe, na huyu anauliza uzito wake! Nilikuwa nimekwisha kuichana karatasi nusu nilipoelewa. Nikakaa chini pale pale njiani, nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka yule wa baiskeli akaniuliza kama nimefiwa.

Ulikuwa msimu wa pamba, na mnunuzi alikuwa na mizani kubwa ya kuning'iniza, yenye ubao chini. Tulipokwisha kupima pamba yetu nikamwambia mama apande.

"Nani anataka kujua?"

"Gari."

Mama alinuna, lakini alipanda. Aliposikia kwamba amemshinda mke wa katekista, uso ukamfunguka. Ratili mia moja tisini na mbili. Niliandika namba hiyo peke yake nyuma ya ile karatasi iliyochanika, nikaituma Busia kwa baiskeli ya kwanza.

Jumapili iliyofuata lile gari jekundu liliingia uani likiwa juu ya sufuria nne za kijivu. Watu walikuwa wamemcheka njia nzima, mwenyewe alikiri. Kwenye kiti cha kushoto palikuwa na gunia la ulezi, limefungwa kamba kifuani lisianguke. Eriya akashuka, akamwendea baba.

"Ratili mia moja tisini na mbili," alisema. "Nimetoka nalo Busia. Paka chaki."

Baba alipaka. Alihesabu nati, akaning'iniza timazi, akalala chini chali kama mara ya kwanza, kisha akaliendesha pamoja na gunia lake, akalivusha mferejini mara tatu. Sote tulitega sikio, na mama alikuwa ameacha kupuliza moto. Tulisikia injini tu. Baba alipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma la kushoto, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaitazama ile chaki nyeupe.

"Limepita," alisema. Akasimama. "Na hili gunia?"

"La mama," alisema Eriya, akitazama upande wa barabara.

Sauti ya mama ikatoka jikoni. "Muulizeni huyo kama amelipima vizuri. Lisije likawa pungufu."

"Amoit," alisema Eriya, "mwambie mama halikupungua hata punje."

Baba akalishusha gunia kwa mikono yake mwenyewe. Mlango wa kushoto aliuacha wazi, akaniambia niingie. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea na ina vumbi la ulezi, nami nikakaa katika bonde lile la mama. Tulikwenda hadi Bulumbi na kurudi. Njia nzima sikusema neno, nilikuwa nasikiliza gurudumu, na Eriya hakusema neno kwa sababu alijua ninasikiliza.

Ulezi ule mama hakuusaga wa uji. Aliupikia ajono, pombe yetu ya ulezi, na siku ya arusi yetu wazee wa pande zote mbili za mpaka walizunguka chungu na mirija yao mirefu, wakaunywa uzito wa mama, wakasema ni mzuri. Mama alikaa jikoni na mkwewe uani, na hawakutazamana mpaka mama alipokufa. Lakini kila Krismasi Eriya alimpelekea gunia la ulezi, na kila Krismasi lilikuwa la ratili mia moja tisini na mbili, hata ile miaka ya mwisho, mama alipokuwa amekonda mpaka mimi peke yangu nikaweza kumbeba.