Glovu Kwenye Slaidi ya Tatu

Jumatatu saa tatu asubuhi, mwezi wa tano mwaka 2004, Lydia Sumari alikaa kwenye kompyuta namba nne ya intaneti kafe ya Salwa, pale Sokon One, akafungua daftari lenye maswali matano ya Mwalimu Twahir wa kozi ya kompyuta. Kila mwanachuo alitakiwa achague tovuti moja na kuipima: nani kaiandika, anajuaje, anatafuta nini, imesahihishwa lini, na anapatikanaje. Kisha asimame mbele ya wenzake dakika tano, na slaidi zisizozidi sita, aseme kama inaaminika au haiaminiki. Bila hotuba hiyo hakuna cheti.

Wenzake walichagua mbuga za wanyama. Lydia alichagua shamba la maua la kule Usa River, ambako mama yake anafanya kazi. Ujasiri wa namna hiyo si wa kila mtu, jamani.

Tovuti yenyewe ilikuwa nzuri, tusiionee. Ilikuwa na jina la meneja, simu, sanduku la posta na cheti chenye mchoro wa jani. Juu kabisa palikuwa na picha ya Sifael, mama yake Lydia, kasimama kati ya mawaridi, mkasi mkononi, kavaa glovu za bluu zinazofika kwenye viwiko. Chini yake paliandikwa: Kila mfanyakazi wetu analindwa.

Lydia alizijua glovu hizo. Zilitolewa stoo asubuhi ya kupigwa picha, na mchana zikarudi stoo. Miaka saba Sifael amekata waridi kwa mikono mitupu, kwenye majani yaliyopuliziwa dawa, mpaka ncha za vidole zikawa laini kabisa. Alipokwenda benki kufungua akaunti, kidole gumba hakikuacha alama yoyote kwenye karatasi. Karani alimwambia ajaribu mkono mwingine, nao ukawa vilevile. Na kwa mikono hiyohiyo hakuna anayemfikia kule bandani, hata wale wasichana wa miaka ishirini. Akiligusa tu waridi anajua kama ni la leo au la kesho.

"Mama, nikisema ukweli si watakufukuza?" Lydia alikuwa amemuuliza siku moja kabla, walipotoka kanisani.

Sifael alikuwa anamenya ndizi. Alimaliza ile aliyoishika kwanza.

"We sema ulichokiona," alisema. "Ila jina langu usilitaje. Mdogo wako bado anasoma."

Saa saba mchana Lydia alitaka kuiweka picha ile kwenye slaidi ya tatu, akakuta mawaridi matupu, mama yake hayupo. Alimwita Salwa. Salwa aliinama, akaangalia kioo, akaangalia na saa yake.

"Wameenda kula," alisema. "Subiri saa nane."

Saa nane walikuwa wamerudi. Lydia aliinakili picha kwenye disketi, akaandika kwa penseli pembeni mwa daftari kwamba hotuba lazima aitoe kabla ya saa saba. Halafu akafanya mazoezi siku mbili, mbele ya mdogo wake aliyeshika saa, mpaka dakika tano zikatosha bila kukimbizana.

Alhamisi ilipofika aliomba awe wa kwanza. Walitundika shuka jeupe ukutani, projekta ikawashwa, naye akasema taratibu, kichwa juu, bila kusoma karatasi. Ilikuwa raha kumsikiliza. Slaidi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kwenye ya tatu, alipokuwa anaeleza maandishi ni ya nani, Sifael alivua zile glovu pale kwenye shuka, kidole kimoja kimoja. Alizikunja, akazipeleka hadi ukingoni mwa picha, ambako mkono wenye saa ya dhahabu ulizipokea. Kisha akageukia mawaridi, akaendelea kukata mikono mitupu. Mkasi ulisikika mpaka viti vya nyuma.

Mwalimu Twahir, ambaye ni mtu wa haki, alinyoosha kalamu.

"Ukurasa huo umesahihishwa lini?"

Lydia alitazama saa ya ukutani. "Leo, Mwalimu. Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Vizuri sana. Tovuti nyingi zina miezi hazijaguswa."

Akaipa tovuti alama zote za swali la nne. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari yao: inasahihishwa mara kwa mara.

Zikabaki sekunde thelathini. Hofu ilimpanda Lydia kwa ajili ya mama yake. Alibonyeza slaidi ya sita. Ilikuwa na neno moja, na alilisoma kwa sauti.

"Haiaminiki," alisema. "Maswali yote matano imeyajibu. Lakini katika hayo matano, hakuna linalomuuliza huyu mama."

Hakumtaja jina. Darasa likapiga makofi ya kweli, na Mwalimu Twahir naye akapiga. Alimpa kumi na tisa kwa ishirini, alama ya juu kuliko zote mwaka ule. Ile moja aliikata kwa sababu hitimisho halikulingana na maswali. Angeweza kubadilisha maswali, lakini hilo halikumjia akilini.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya mapumziko ya Sifael. Alivaa kitenge cha kanisani, akafuatana na binti yake mpaka Sokon One ili naye ajione.

"Shikamoo, mama," Salwa alisema, akamvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu."

Yule wa kwenye picha hakuwa na mapumziko. Alikuwa anakata, mikono mitupu, na maandishi ya chini yalikuwa yaleyale. Sifael alimtazama kwa muda mrefu.

"Anakata vizuri," alisema. Kisha akasogea karibu na kioo. "Pole na kazi."

Yule wa kwenye picha hakusimamisha mkasi.

"Nimeshapoa," alijibu. "Pole na wewe."

Alhamisi alfajiri Lydia alimpaka mama yake mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikaisha. Sifael alifunga kilemba, akaenda kazini. Glovu zilikuwa stoo.