Msamaha wa Bibi Pudensiana

Manyanda aliponunua nyumba Kawajense, mjini Mpanda, kilichomfurahisha kuliko vyote kilikuwa luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, vyumba vinne na bati lililoanza kushika kutu, na ili aipate alikuwa ameuza karibu ng'ombe wake wote kule Mamba. Ila luku, jamani! Majirani walikatwa kodi ya jengo kila mwezi wanaponunua umeme, elfu moja na mia tano, wakalalamika mpaka wakachoka. Yeye hakukatwa hata senti.

Kinyozi wa mtaani ndiye aliyemweleza. Mita ilikuwa bado kwa jina la aliyemuuzia, Bibi Pudensiana, na bibi alishavuka miaka sitini. Mzee wa umri huo husamehewa kodi ya nyumba anayoishi. Sasa bibi alishahamia zamani Karema, akajenga kajumba jirani na binti yake, lakini mashine itajuaje nani kahama? Kila risiti iliendelea kuandika Pudensiana.

"Baba Masunga, nenda kabadilishe jina," mkewe Esteria alimwambia.

"Niikimbilie kodi kama nimealikwa pilau? Serikali ikinitaka, inajua ninapokaa."

"Wapi! Inajua hapa anakaa bibi."

Manyanda alicheka. Alikuwa na mdomo, yule bwana. Kila akikaa kwenye kiti cha kinyozi lazima asimulie anavyokula msamaha wa bibi kizee bila jasho, na watu wakacheka naye. Mambo yakaenda hivyo mwaka, ukapita na wa pili.

Ndipo akatokea Apolinari, mtoto wa kiume wa bibi. Wakati nyumba inauzwa yeye alikuwa huko kwenye machimbo ya dhahabu anatafuta maisha. Maisha hakuyapata, akarudi Mpanda kutafuta nyumba. Akaenda moja kwa moja ofisi ya mtaa kusema kwamba mama yake hakuuza kitu, alipangisha, na huyu mfuga ng'ombe amejimilikisha.

Wakaitwa wote wawili. Manyanda akaja na karatasi ya mauziano yenye dole gumba la bibi. Apolinari akaitazama, akaguna.

"Mama yangu hajui kusoma. Huyu angemwekesha dole hata kwenye karatasi ya kuuza kanisa. Mwenyekiti, muulize umeme una jina la nani."

Mwenyekiti wa mtaa akauliza. Manyanda akasema ni la bibi.

"Na kodi ya jengo unalipa?"

"Sikatwi."

"Hukatwi kwa nini?"

Manyanda akakohoa. Hakuwa na haja ya kujibu, maana kinyozi alikuwa kwenye benchi la nyuma, na nusu ya waliokaa naye hadithi hiyo walikuwa wanaijua kwa moyo.

"Msamaha huo ni wa mzee mwenye nyumba, anayeishi humohumo," mwenyekiti alisema. "Sasa wewe bwana, ndiye Bibi Pudensiana?"

Watu wakaangua kicheko. Manyanda hakucheka. Aliogopa. Hata ile siku fisi walipoingia zizini hakuogopa hivyo, kwa sababu fisi walichukua ndama mmoja, na hapa aliona kundi zima aliloliuza kwa nyumba hii linaondoka na bati juu. Mwenyekiti akasema hatakata neno mpaka bibi mwenyewe aje aseme kwa mdomo wake.

Bibi akaja na basi la kutoka Karema, rozari shingoni, miguu imevimba kwa safari. Manyanda akamwahi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akajibu bila kumtazama, akapita kukaa karibu na mwanawe. Manyanda akajua amekwisha. Esteria akamshika mkono, na safari hii hakumwambia nilikuambia.

"Nyumba niliuza," bibi alisema, hata kabla hajaulizwa. "Niliuza kwa akili zangu, nikahesabiwa hela, nikanunua bati na saruji. Apolinari, usinitie aibu. Ulikuwa wapi nilipougua?"

Apolinari akainamisha kichwa. Manyanda akavuta pumzi, akataka kusimama ashukuru.

"Kaa chini," bibi akamwambia. "Sijamaliza. Kule Karema nakatwa kodi kila mwezi. Nimeenda kuomba msamaha wa wazee mara ngapi! Wananiambia, bibi, wewe una msamaha wako tayari kwenye nyumba yako ya Mpanda. Nawaambia sina nyumba Mpanda. Wananicheka, wanadhani nimeanza kusahau. Nami nikaanza kudhani hivyohivyo."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Nilikuuzia nyumba, mwanangu," bibi alisema. "Uzee wangu nao nilikuuzia?"

Manyanda akasogea hadi alipokaa bibi. Alisema samahani bibi, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ulikuwa haujawahi kuisikia kwake, na bibi akasema haya, yameisha.

Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kubadilisha jina. Aliambiwa na ile kodi ya nyuma ataikuta kwenye luku, itakatwa kidogokidogo. Akasema sawa.

Mwezi ulipoingia akanunua umeme wa elfu tano. Esteria akaisoma ile meseji kwenye simu, akarudia.

"Mbona yuniti zenyewe hazitufikishi hata Jumapili?"

"Soma jina."

Esteria akasoma. Akamrudishia simu.

"Tumtumie na bibi hela ya luku," Manyanda alisema.

"Bibi siku hizi hakatwi," Esteria akamjibu. "Mtumie zile ulizomla."