Sentimita Ishirini za Bango la Dada

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mkasi niliushika mimi. Wapo watakaolaumu duka la kuchapisha kwa kukosea vipimo, lakini duka halikuwa na mkasi.

Wiki ile nilikuwa nyumbani badala ya bwenini, kwa sababu ambazo mwalimu wa nidhamu amezieleza kwa kirefu katika barua yake, na ambazo zinahusu vyura watatu na droo ya mwalimu mkuu. Dada yangu, mwaka wa mwisho wa uuguzi chuo kikuu, akaona amepata kibarua wa bure.

"Si umefukuzwa? Basi fanya kazi. Kachukue bango langu dukani, lipeleke ukumbini kwenye mashindano ya utafiti, lining'inize ubao namba kumi na saba. Na usiguse kitu."

"Nitalining'inizaje bila kuligusa?"

"Toka mbele yangu."

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kwa wiki sita dada alikaa kwenye kiti cha plastiki katika wodi ya watoto wachanga, anakofanya kazi mama yetu, akihesabu nani amenawa mikono kabla ya kumshika mtoto na nani hakunawa. Mama ndiye aliyemwombea kibali. Bangoni hakukuwa na jina la mtu, zamu tatu tu na nguzo za rangi. Zamu A walinawa mara sabini na mbili katika mia. Zamu C, sitini na tano. Zamu B, ishirini na moja. Chini yake nguzo nyekundu za watoto walioambukizwa, na hapo zamu B iliwapita wenzake kwa mbali. Kulia kabisa kulikuwa na jedwali dogo la kijivu, halina mvuto hata kidogo, la idadi ya wauguzi kwa vitanda kumi na tisa. A wanne. C watatu. B mmoja.

Ubao ulikuwa na upana wa mita moja. Bango lilikuwa na mita moja na sentimita ishirini. Jirani yetu wa namba kumi na nane, kijana aliyetafiti minyoo ya kuku, akanitazama kama mwenye shamba aliyeona ng'ombe wa watu kwenye mahindi.

"Wewe, bango lako limevuka mpaka."

"Subiri, jirani. Nalifanyia upasuaji."

Nikaazima mkasi meza ya usajili. Kushoto kulikuwa na jina la dada na nembo ya chuo, na kumkata mtu jina ni kumzika. Kulia kulikuwa na kijivu. Nikakata kulia. Mstari ulinyooka, naomba nalo liandikwe. Kipande nikakitupa kwenye pipa la vikombe vya chai.

Dada alifika na jasho lake, na nyuma yake mama, ndani ya sare, maana zamu yake ilianza mchana.

"Haya, wasomi wangu," mama akasema akivaa miwani. "Nionyesheni mlichokuwa mnaninyima usingizi kwa ajili yake."

Akasoma taratibu. Kidole chake kikasimama kwenye nguzo nyekundu ndefu.

"B ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama, lakini ona hapa pembeni." Dada alinyoosha mkono bila kutazama, kama alivyofanya mazoezi mbele ya kabati siku tatu. Mkono ukagusa fremu ya ubao. Akageuka. "Jedwali liko wapi?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wenye fimbo. Hakuna lililonikausha mate kama lile.

"Lilizidi ubao," nikasema. "Nikalikata."

Hakupata nafasi ya kunijibu, kwani jaji alikuwa amefika. Alikuwa metroni mkuu wa hospitali ya mama, ambaye wauguzi humwita Rula, kwa sababu ndiye mchora ratiba za zamu na kwa sababu hakunjiki. Akamsalimia mama kwa kichwa, akasoma, akauliza, "Tofauti hii ya zamu B inatokana na nini?"

"Zamu B ina muuguzi mmoja tu, metroni. Wenzake wawili walihamishiwa wodi ya kulipia."

"Hilo limeandikwa wapi?"

"Lilikatwa kwa bahati mbaya."

"Mimi nasahihisha kilichopo, binti."

Nikakimbilia pipani. Nikachimbua vikombe, nikarudi na kipande kinachovuja chai, nikakibana kwa mikono miwili mahali pake, juu ya minyoo ya jirani.

"Hiki hapa. Soma."

Alisoma. Naapa alisoma, maana macho yake yalishuka hadi kwenye ile moja yakakaa hapo. Wale wawili aliwahamisha yeye mwenyewe, kwa kalamu ile ile aliyokuwa akiifunika sasa.

"Karatasi chafu," akasema. "Bango liko wazi zaidi bila hiyo. Nitalipeleka kwenye kikao cha Jumatatu."

"Bila jedwali silitoi," dada akasema.

"Huna haja ya kulitoa." Akatoa simu apige picha. "Wewe mdogo, sogea."

Sikusogea. Nilikibana kile kipande mpaka vidole vikauma.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, "mpishe mkubwa."

Maisha yangu yote nimekuwa nikiamriwa mara tatu kabla ya kutii. Siku ile nilitii mara ya kwanza. Picha ikapigwa.

Bango namba kumi na saba lilipata nafasi ya kwanza. Dada aliitwa mara mbili hakuinuka. Mama akamsukuma begani: "Nenda, watu wanakutazama."

Jumatano mama alipewa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Dada alichapisha jedwali zima upya, akaandika maelezo kurasa mbili, akapeleka hospitali kwa mkono wake. Katibu akaligonga muhuri wa kupokelewa. Wiki ya tatu hii, hakuna jibu. Dada haongei nami, na sina hoja.

Jana, muda ambao zamu B huanza, mama alimpigia simu mwenzake wa zamani.

"Nani yuko wodini leo?" Akasikiliza. "Binti gani? Ameanza lini?" Akasikiliza tena. "Peke yake?"

Akahamishia simu sikio la pili.

"Basi mwambie kwamba mtoto wa kitanda cha tisa hutapika. Akishanyonya asimlaze, ambebe kwanza. Ambebe hata kama wengine wanalia."