Kete Tatu Kifudifudi

Jambo la kwanza ambalo Bi. Lenore Zeldin alimkataza mgeni wake lilikuwa kumwita Bi. Zeldin.

"Bi. Zeldin alikuwa naibu mwalimu mkuu kule New Jersey, na watoto walikuwa wakimwona tu wanakimbilia kujificha chooni," alisema mlangoni, huku akimvua Brenna begi mgongoni kana kwamba amemkamata nalo. "Mimi ni Bibi. Kama Shira anavyoniita. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bi. Zel..."

"Ah-ah!"

"Bibi."

"Haya. Sasa uko nyumbani."

Brenna Kubiak, msichana wa miaka ishirini ambaye tangu Krismasi hakuwa na mahali pa kupaita hivyo, aliyapokea maneno hayo kwa uzito zaidi kuliko yalivyokusudiwa. Mama yake alikuwa ameuza nyumba yao ya Toledo na kuhamia kwa mume mpya, katika vyumba viwili ambamo mgeni hulala kwenye kochi na kuombwa radhi kila asubuhi. Kilichobaki mbele yake ni chumba kimoja ambacho hakijawa chake bado: chumba cha juu katika nyumba ya Mtaa wa Alder, karibu na chuo, ambayo yeye na Shira, rafiki anayelala naye chumba kimoja bwenini, walikuwa wamekubaliana kuipanga kuanzia Agosti. Shira ndiye aliyekuwa akizungumza na mwenye nyumba. Brenna, kwa upande wake, alikwisha kununua birika la manjano, nalo lilikaa chini ya kitanda chake bwenini likisubiri jiko.

Kwa hiyo Shira alipomwalika waende pamoja Florida, wapitishe likizo ya majira ya kuchipua kwa babu na bibi yake, Brenna aliuona mwaliko huo kuwa ni alama ya udugu. Watu waliosoma sana wanajua kwamba ukarimu una sababu nyingi, na kwamba udugu ni nadra kuwa mojawapo. Lakini Brenna alikuwa akisomea jiolojia.

Mtaa wa akina Zeldin ulikuwa wa wastaafu, na vijana waliruhusiwa kuingia kama dawa zinavyoruhusiwa, kwa kipimo. Brenna alivalishwa ukanda wa karatasi mkononi ili mlinzi wa bwawa la kuogelea ajue kuwa ujana wake una kibali. Chakula cha jioni kililiwa saa kumi na nusu.

"Saa kumi na nusu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Tukichelewa tunakutana na vijana wa miaka sitini," alisema Babu Irv. "Wana kelele hao."

Babu Irv alikuwa fundi miwani kwa miaka arobaini, na sasa macho yake yalikuwa mazima na masikio ndiyo yaliyomsaliti. Alivaa vifaa viwili vya kusikia, na alikuwa na desturi ya kuvizima kila mazungumzo yalipoelekea mahali asipopapenda. Mkewe akimwona anagusa sikio, alijua kuwa ndoa imefunga duka hadi asubuhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi. Lenore hakuwa na jembe. Alimpa kete za majong, mchezo wa Kichina wa watu wanne. Jirani mmoja, mwanachama wa meza yao, alikuwa amebadilishwa nyonga, na meza ya majong bila mtu wa nne ni kama gari bila gurudumu. Kila asubuhi baada ya kahawa alimketisha Brenna na kumfundisha alama zake, mianzi, nukta na mazimwi, kwa sauti ileile iliyowahi kuwakimbiza watoto hadi chooni. Brenna alijifunza haraka. Mtu mzee anapokusifu bila kuhitaji chochote kwako, ndivyo alivyowaza, ujue anakupenda.

Bwawani mambo yalikuwa mengine. Wazee wa bwawani walimpokea kwa upole uliopita kiasi, na maswali yao hayakuwa na kichwa wala miguu. Bi. Rochelle Fishbein, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kuogelea yenye maua ya mpira, alimfuata hadi penye kina.

"Mwanangu, paka wanakusumbua?"

"Paka gani?"

"Paka tu, kwa jumla. Kuna watu wanawaona wanapiga chafya."

"Mimi macho yanavimba."

"Aa," alisema Bi. Fishbein kwa huzuni kubwa, akaogelea akaenda zake.

Bwana mmoja wa miaka themanini alitaka kujua kama Brenna kichwa humzunguka akilala chumba cha darini. Mwanamke mwingine, ambaye Brenna hakuwahi kumwona, alimshika shavu ndani ya maji na kumwambia, "Usilie, maskini. Haya yote yatapita." Brenna hakuwa analia. Dawa ya maji ilikuwa imemwingia jichoni.

"Wazee wa huku wana maswali ya ajabu," alimwambia Shira, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye kiti cha jua, simu mkononi.

"Wazee hao, bibie. Hawana la kufanya."

"Kuna mmoja kaniambia nisilie."

Shira aliketi. "Hebu geuka, mgongo unaungua." Akampaka mafuta ya jua kwa uangalifu mwingi, bega hadi bega, kama mtu anayefunga mzigo usije ukavunjika njiani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mgongo ukiwa bado mikononi mwa rafiki yake, Brenna alikumbuka jambo. "Kura ya vyumba vya mabweni vya mwaka ujao inafungwa kesho. Niiache tu, sivyo?"

Mikono ilisimama, kisha ikaendelea.

"Fanya unavyoona."

"Si tuna Alder?"

"Brenna, jamani, tuko likizo. Usianze."

Brenna hakuanza. Jumatano ilipita, na kura ya mabweni ikapita nayo.

Alhamisi mchana Bi. Lenore alifungua meza chini ya pangaboi la baraza, akawaita Bi. Fishbein na Bi. Harriet Mindel, mjane mrefu aliyesema kidogo na kushinda mara nyingi. Brenna alikaa kiti cha nne. Kete zilichanganywa kwa mlio wa mvua ya mawe, kuta zikajengwa, kila mtu akapata zake.

"Sasa tunapitisha," alisema Bi. Lenore. "Mkumbushe, Rochelle, mimi ameshanichoka."

"Unachagua tatu usizozitaka," alisema Bi. Fishbein. "Unamsukumia wa kulia, kifudifudi. Tatu nyingine kwa wa mbele yako. Tatu nyingine kwa wa kushoto."

"Na kama naye hazitaki?"

"Hazitaki, ndiyo! Nani anataka takataka ya jirani? Lakini unampa huku unacheka, naye anapokea huku anacheka. Ndiyo ustaarabu."

"Na ile duru ya pili?"

"Ya pili ni kwa hiari," alisema Bi. Mindel. "Mmoja akisema hapana, basi. Hatumuulizi sababu."

Walipitisha. Bi. Fishbein alitazama alichopokea, akaguna, kisha akainua uso kama mtu aliyetumwa. "Mwanangu, nakuuliza tena, usinichoke. Hao paka. Yanavimba sana, au yanawasha kidogo tu? Mpwa wangu ana chumba kizuri kule kwenu karibu na chuo, kina dirisha, ila..."

"Rochelle," alisema Bi. Lenore.

"Nauliza tu!"

Brenna alicheka. Alikuwa amepata kete nzuri na moyo wake ulikuwa mkunjufu. "Lakini Bi. Fishbein, mimi nina pa kukaa. Nakaa na Shira. Hata kura ya mabweni nimeiacha. Ilifungwa jana."

Pangaboi liliendelea kuzunguka. Ndicho kitu pekee kilichoendelea. Bi. Mindel aliweka mkono juu ya kete zake kana kwamba upepo utazipeperusha. Bi. Lenore, ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu kete tangu alipostaafu, aliangusha moja mezani chali, zimwi jekundu, asiione.

"Ilifungwa jana?" aliuliza. "Shira aliniambia una mpaka Mei."

"Mei ya nini?"

"Ya kutafuta."

"Kutafuta nini, Bibi?"

Kuna watu ambao habari mbaya huwatoka kama kikohozi. Bi. Lenore hakuwa mmoja wao. Alikuwa amewaita wazazi ofisini mwake kwa miaka mingi, na alijua kuwa jambo la namna hiyo hukatwa mara moja, kama mkate, si kama nyama. Alikunja mikono, akasema. Shira amechukua nyumba ya Mtaa wa Alder na wasichana wengine wawili. Vyumba ni vitatu. Mkataba walisaini Februari, na Irv ndiye mdhamini. Shira aliona vigumu kumwambia mwenyewe, akamwomba bibi yake amsaidie, kwa kuwa yeye anajua kusema na watoto.

"Nilipanga Jumamosi," alimalizia. "Ule raha yako kwanza, uogelee. Nilikuwa nioke keki ya asali."

Brenna aliitazama keki hiyo ambayo haijaokwa, katikati ya meza, kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo siku uliponiambia nikuite Bibi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Lakini sikukwambia uniite hivyo kwa sababu hiyo."

"Na wao?" Hakugeuza kichwa, alimaanisha wale wawili. Bi. Mindel alizisoma kete zake kama sala. Bi. Fishbein hakuweza kunyamaza, hilo lilikuwa nje ya uwezo wake.

"Mtaa mzima, mwanangu," alisema. "Lakini kwa upendo."

Shira alikuwa bwawani, kwenye kiti kilekile. Brenna alisimama mahali ambapo kivuli chake kilimwangukia usoni.

"Februari," alisema.

Shira alivua miwani ya jua. Hakuuliza Februari gani, na hilo walau lilifupisha mambo. "Bibi alikuwa akwambie Jumamosi."

"Jumanne nilikuuliza kuhusu kura."

"Nikakwambia fanya unavyoona!"

"Nilikuwa nakuona wewe."

Mzee mmoja aliyekuwa akielea karibu alianza kuelea kwenda mbali, kwa adabu, bila kuacha kusikiliza.

"Sikia," Shira alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekwisha kujisamehe na anangoja wengine wamalize. "Tangu wazazi wako waachane unalia kila siku. Mimi nalala palepale, Brenna. Nilikuwa navaa vizibo vya masikio. Singeweza mwaka mwingine, singeweza tu. Nikasema walau nikulete huku upumzike, ule vizuri, upendwe kidogo. Kwani hujafurahia?"

"Nimefurahia."

Huo ulikuwa ukweli, na hapakuwa na mahali pa kuuficha. Kwa wiki nzima alikuwa ameshiba, amefundishwa, amepakwa mafuta. Alifurahia kila kitu walichomlipa kabla ya kumwambia alichouza.

"Na hayo ya kulia uliwasimulia?"

"Ili wakuelewe."

Brenna aliitikia kwa kichwa polepole. Shira, akiona dalili ya amani mahali isipokuwepo, akaongeza, "Utakuwa unakuja kwetu lakini. Wikendi. Tunakunywa chai."

"Birika ni langu," alisema Brenna, akaondoka.

Babu Irv alikuwa kwenye banda la gari, anafuta kigari cha gofu ambacho hakikuwa na vumbi. Alimwona, mkono ukapanda sikioni. Kisha ukashuka.

"Nilimwambia Lenore, mwambie mtoto siku ya kwanza," alisema. "Akakataa."

"Halafu wewe ukafanya nini?"

"Nikazima."

"Yote mawili?"

"Yote mawili." Alikunja kitambaa mara nne. "Mkataba nao nilitia saini bila kuusoma vizuri. Mimi, fundi miwani."

Brenna aliutambua huo kuwa ni ombi la msamaha, lililosagwa na kung'arishwa hadi likapoteza nguvu. Alimwomba ampeleke kwa Bi. Fishbein.

Walikwenda kwa kigari, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bi. Fishbein, ambaye alikuwa amerudi nyumbani mbio kutokana na aibu au hamu ya kupiga simu, alifungua mlango kabla hawajagonga.

"Mpwa wako," alisema Brenna. "Ana paka wangapi?"

"Watatu. Lakini ulisema macho..."

"Niliongeza chumvi. Wananiwasha kidogo tu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza wiki hiyo. Katika mtaa ule alikuwa mtu wa mwisho kuanza.

Keki ya asali iliokwa Jumamosi hata hivyo, kwa kuwa Bi. Lenore hakuwa mtu wa kubadili ratiba. Shira alikwenda ufukweni na marafiki aliowapata mtandaoni. Kipande kikubwa kuliko vyote kiliwekwa mbele ya Brenna, naye akakila chote. Ilikuwa keki nzuri sana, na kuiacha kusingemrudishia kitu. Kisha meza ilifunguliwa, maana ile nyonga ya jirani ilikuwa haijapona, na Brenna akakaa kiti cha nne kama mtu anayemalizia zamu.

Walichanganya, wakajenga, wakapitisha: kulia, mbele, kushoto. Kila mmoja alitoa asichokitaka na kupokea ambacho mwenzake hakukitaka. Bi. Lenore alikuwa na uso uliochoka. Mara mbili alikuwa amejaribu kusema jambo, na mara zote mbili likageuka kuwa keki.

"Duru ya pili?" aliuliza. Aliuliza meza nzima, lakini alimtazama mmoja. "Unaonaje, mwanangu?"

"Hapana, Bi. Zeldin," alisema Brenna.

Bi. Fishbein alifungua mdomo, Bi. Mindel alimkanyaga mguu chini ya meza. Naibu mwalimu mkuu alilisikia jina lake. Sauti ile ya kukataza, *ah-ah*, ilimjia hadi kooni, ikaonekana ikipanda, ikarudi ilikotoka. Akavuta kete ya kwanza. Mmoja amesema hapana, na sheria ya meza aliifundisha yeye mwenyewe: hatumuulizi sababu.