Visu vya Bibi ya Patroni

"Hapana. Hii haiko kisu," alisema Marcelline, akakirudisha juu ya turubai. Kilikuwa cha saba.

Katembo, mwenye kibanda, alicheka kidogo. Alikuwa mtu wa Butembo, aliyefika Kabambare miezi mitatu iliyopita na shehena ya mabeseni, sufuria na visu, na bado hakuwajua wateja wake wengi kwa majina. "Mama, kila mutu anapenda hicho. Angalia namna kinang'aa."

"Nimeona. Sasa sikia." Alikishika penye shingo kwa vidole viwili, akakigonga kwa ukucha. Kikatoa sauti ya kopo. Kisha akachukua kingine, cheusi, kibaya kwa macho, kilichofuliwa na fundi wa hapo mjini kutoka kwenye resori ya kamyo, springi ya lori, akakigonga vilevile. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na ilichukua muda kunyamaza. "Umesikia?"

"Nimesikia," Katembo alijibu. Sasa hakucheka tena.

Marcelline alikuwa ametoka kwake Wamaza alfajiri kwa pikipiki ya kukodi, na tope lilikuwa limemfika magotini kwa sababu mara mbili walishuka kuisukuma. Lakini hakuhisi uchovu. Mumewe, Célestin, aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji na kuipeleka Kasongo kwa patroni wake, tajiri aliyemtuma, alikuwa amemwomba kitu, na ulikuwa umepita muda mrefu bila kumwomba chochote zaidi ya maji ya kuoga. "Bibi ya patroni anataka visu vya jikoni," alimwambia. "Vya kweli. Mimi sijue visu, wewe ndiye unajua. Chagua vitatu, uviache kwa Katembo pale sokoni. Mutu wa pikipiki atavipitia." Njia nzima Marcelline aliliwaza jiko hilo la Kasongo, lenye sakafu ya saruji, na mke huyo wa tajiri, asiyemjua, akikata kitunguu, akisimama kidogo, akiuliza: nani alichagua hivi?

Visu alivijua kweli. Miaka kumi na tisa alikuwa amepikia matanga, ndoa na sikukuu za parokia, na pale Wamaza hakuna aliyeanza kukata mbuzi kabla ya kumwita.

Cha kwanza alichukua kile cheusi, cha nyama. Alikigeuza akatazama mpini: chuma kilipita ndani ya mti mpaka mwisho, kikashikwa na misumari mitatu. Si kama vile vingine ambavyo chuma huingia urefu wa kidole kimoja, kisha gundi ikaachiwa kazi iliyobaki. Cha pili alitaka kipana, cha matembele na vitunguu. Alikiinua juani, akafumba jicho moja na kuyafuata makali taratibu. Katikati palikuwa na doa linalometa. Makali yakimeta, hapo ni butu. Akakiweka, akachukua mwenzake, na huyo hakuwa na doa. Cha tatu kilikuwa kidogo, cha kumenyea. Alikandamiza ncha yake juu ya ubao mpaka ikapinda, akaiachia. Ikarudi sawa.

"Hivi vitatu. Funga kila kimoja peke yake, visigongane."

Katembo alirarua karatasi ya mfuko wa saruji. "Célestin alisema kweli," alisema huku akifunga. "Alisema, nitakutumia yaya wangu wa Wamaza, yeye hutamuweza."

Marcelline alidhani ni kosa la mgeni, kumwita mke dada mkubwa. "Alisema yaya?"

"Eh, yaya yake. Si ni wewe? Bibi yake atafurahi kabisa. Juma iliyopita Célestin alichukua hapa sufuria, mbabula ya makaa, na beseni ya kuogesha mutoto, akapeleka kule Lusangi. Nikamuuliza, na visu? Akasema, visu yaya atachagua." Katembo alifunga fundo. "Inaonekana mimba imekaribia."

Kando yao muuza chumvi alikuwa akipimia mteja kwa kikombe, na kwa muda Marcelline hakuona kitu kingine ila kikombe kile kikipanda na kushuka.

"Beseni ya rangi gani?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo.

"Ya buluu."

Aliitikia kwa kichwa, kama dada anayeridhika. Kisha akasema, "Ngoja. Fungua." Akavitoa vile visu vitatu kwenye karatasi, akaviweka kando, na mahali pake akaweka vitatu vinavyong'aa.

Kisu cha namna hiyo alikuwa amekijua zamani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Célestin alimletea kimoja kutoka Kasongo, naye akakifurahia siku tatu. Siku ya nne, juu ya mfupa wa mbuzi, mpini ulizunguka na kisu kikaingia kwenye kiganja cha kushoto. Kidole chake cha mwisho hakijajikunja tangu siku ile. Sasa aliuona mkono mwingine, mchanga, umelowa mafuta, ukishika mpini huo. Aliuona vizuri. Alikaa na picha hiyo kidogo, nayo ilikuwa tamu.

"Mama," Katembo alisema kwa mshangao, "si hivi ulisema haviko visu?"

Alisema kwa sauti, na muuza chumvi akageuka kutazama. Aibu ilimpanda Marcelline mpaka masikioni. Haikuwa huruma. Aliwaza tu kwamba siku moja, katika nyumba fulani, mtu angevishika vitu hivyo na kusema Marcelline wa Wamaza ndiye aliyevichagua.

"Rudisha vile vya kwanza," alisema. "Na mutu wa pikipiki asisumbuke. Nitavipeleka mimi mwenyewe."

*

Huko Lusangi, nyumba aliyoelekezwa ilikuwa kwenye mteremko, chini ya mashimo ya wachimbaji, ya matofali mapya na mabati ambayo hayajaona mvua nyingi. Mbele ya mlango msichana alikuwa ameketi juu ya kigoda, tumbo limemjaa mapajani, akimenya makemba, ndizi za kupika, kwa nusu ya panga lililovunjika. Alikuwa amelizungushia kitambaa mahali pa kushika. Kwa umri hakumzidi sana Sagesse, binti wa Marcelline.

Msichana aliuona mzigo, akainuka kwa shida. "Yaya! Karibu, Yaya. Mimi ni Nadine. Alisema siku moja utakuja kutuona." Akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akikunja magoti kidogo kwa heshima.

Marcelline alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, na yalikuwa mengi. Alipewa kigoda, akaketi na maneno yake.

Nadine alifungua karatasi moja baada ya nyingine. "Vyote vitatu ni vyangu?" Akachukua kile kidogo, akakishika kwa ngumi kama alivyolishika panga, makali yakielekea kwenye mshipa wa mkono.

"Hapana!" Marcelline alisema kabla ya kujizuia. "Utajikata. Weka kidole gumba hapa. Chana ganda kwa urefu, halafu ingiza ncha chini yake, usukume. Usivute." Alichukua kemba moja akaonyesha. Ganda lilianguka zima. Akachukua la pili, na Nadine akaanza lake, wakamenya pamoja, utomvu ukiwashika vidole.

"Wewe unafundisha polepole," Nadine alisema. "Mama yangu alinifundisha kwa makofi." Kisha, bila kuinua macho: "Yaya, naweza kukuuliza kitu? Yule marehemu, alikuwa mutu wa namna gani?"

"Marehemu nani?"

"Bibi yake. Célestin hapendi kumuongelea. Alisema tu kwamba alikufa, na kwamba alikuwa anapika muzuri. Mimi kila nikipika, anakula nusu, anaacha. Ninajua anamukumbuka."

Marcelline alimenya lile kemba mpaka mwisho, akaliweka kwenye beseni. "Alikuambia alikufa lini?"

"Kiangazi cha mwaka juzi. Homa."

Kiangazi cha mwaka juzi Marcelline alipika siku tatu mfululizo kwenye matanga ya mama yake Célestin. Alilala akiwa ameketi, ameegemea gunia la makaa.

"Nadine, mimi siko yaya yake. Célestin hana yaya."

Msichana alitabasamu, kwa adabu, kama mtu asiyeelewa mzaha. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu kuliko lilivyopaswa. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Alinionyesha kaburi. Picha yake iko kwa simu."

"Lenye musalaba mweupe, na mawe kando?"

"Eh."

"Ni ya mama yake. Ule musalaba niliupaka rangi mimi."

Hakuna aliyelia. Nadine aliweka kisu chini, akajishika tumbo kwa mikono miwili, utomvu ukiacha alama kwenye nguo. Alitazama mlango, mabati, sufuria mpya zilizopangwa ukutani. "Basi mimi niende wapi?" aliuliza.

Marcelline aliokota maganda yaliyokuwa miguuni pake, akayatupa kando. Chuki ilikuwapo bado kifuani, nzima. Ila haikuwa ya huyu, na yule iliyemhusu alikuwa Kasongo, pengine akila mezani kwa watu.

Aliinuka, akajifunga kitenge upya.

"Utavirudisha visu?" Nadine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ni vyako. Usiviache ndani ya maji, vitashika kutu."

Alikuwa amefika mwisho wa ua msichana alipoita tena. "Mama!" Hakusema Yaya. "Akifika, nimuambie nini?"

Marcelline aligeuka.

"Muambie marehemu amepita."

Chini ya mteremko palikuwa na kijito ambamo wachimbaji huosha mchanga wao. Marcelline alichuchumaa akaingiza mikono. Utomvu wa makemba ulikuwa umekwisha kuwa mweusi kwenye vidole na chini ya kucha. Alisugua kwa mchanga, kisha kwa majani, kisha kwa mchanga tena. Huko juu mashimoni mchimbaji mmoja alipiga kelele ya furaha, wengine wakamjibu, na maji yakashuka mazito zaidi, mekundu ya udongo. Hakuiona tena mikono yake ndani ya maji hayo. Akaendelea kusugua.