Shahidi wa Eliufoo

Eliufoo hakuwa na usingizi. Hakuwa na hamu ya chakula, hakuwa na kazi mlimani tena, hakuwa na mke nyumbani, na hakuwa na mtu hata mmoja Marangu nzima ambaye angeweza kumwambia ni kwa nini. Vitu vingine alikuwa navyo: migomba, kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba ya matofali aliyoijenga kwa jasho la kuongoza wageni Kilimanjaro. Lakini hayo yote hayakumsaidia kufumba macho.

Mkewe, Eliona, aliondoka baada ya Pasaka, na hakuondoka kwa ugomvi. Alfajiri moja lori lilimwaga kokoto kwa jirani aliyekuwa anajenga. Eliona akamshika mumewe mkono ili amwamshe. Eliufoo, macho hata hayajafunguka, akamvuta, akamwangusha sakafuni, akamlalia juu kama mtu anayemkinga mwenzake na kitu kinachoporomoka. Mkono wa mama wa watu ukateguka. Alikwenda kufungwa bandeji, akarudi kufungasha nguo, na kabla ya kupanda gari kwenda kwa binti yao Rachel, Morogoro, alisema maneno machache.

"Sikuachi, baba Rachel. Ila siwezi kulala na mtu ambaye haniambii huwa yuko wapi akifumba macho. Siku utakayoniambia, nitarudi."

Rachel ndiye aliyemtafutia baba yake mshauri. Alikuwa mama mmoja wa Moshi, jina lake Lukresia, aliyesomea kuwasikiliza watu waliopatwa na mambo mazito. Hakuwa wa hospitali. Alikuwa na ofisi yake mwenyewe, na bima haikufika huko: unalipa kila unapokwenda, unapewa risiti. Rachel alitaka kulipa. Eliufoo akakataa, maana alitaka awe na haki ya kudai fedha yake siku atakapogundua ametapeliwa. Kwamba angetapeliwa hakuwa na shaka. Alishawahi kuona watu wakilipwa kwa kubeba mizigo, kwa kupika, kwa kuchimba kaburi. Kulipwa kwa kusikiliza hakukumwingia akilini. Anayekulipisha ili akusikilize, alijiambia, lazima ana mahali pengine anapokwenda kuyauza.

Kwa hiyo alikwenda na shahidi. Kwao jambo zito halizungumzwi na watu wawili peke yao. Ukigawa kihamba, shamba la ukoo, ukipatana na jirani juu ya maji ya mfereji, ukienda kuposa, lazima awepo mtu wa nyumbani wa kusikia, ili kesho asitokee wa kukana. Alimchukua kaka yake mkubwa, Jacob, ambaye alivaa koti lake la kanisani na kofia, akatembea mbele kama ndiye mgonjwa.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyumba ya kupanga upande wa Majengo, nyuma ya fundi cherehani. Lukresia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliwaamkia wote wawili shikamoo, na Eliufoo akaitikia marahaba kwa uzito, akitafuta kasoro katika shikamoo yenyewe. Hakuiona. Ndani hakukuwa na kitanda wala dawa. Palikuwa na viti viwili, na mezani palikuwa na boksi la tishu lililokwisha kufunguliwa, kama mtego uliotegwa ukimngoja mtu.

Jacob alipotaka kuingia, mama yule alisema kwa kawaida mtu huingia peke yake, ila Eliufoo akitaka kaka yake akae naye, akae. Hapo Eliufoo alikwama. Alimtaka shahidi, lakini yale aliyokuwa nayo kifuani hakutaka hata Jacob ayasikie. Akamwambia kaka yake angoje nje, kwenye benchi. Jacob alimtazama kwa jicho la mtu aliyeitwa kwenye sherehe akaambiwa ale jikoni.

Mlango ulipofungwa, Lukresia alieleza jinsi kazi ingekwenda. Kikao ni chini ya saa moja. Siku ya kwanza halazimiki kusimulia lolote lililomtokea. Kwanza watajifunza namna ya kuutuliza mwili unapostuka, na habari yenyewe itakuja kidogo kidogo, kwa mwendo wake yeye. Akiona imemlemea, ainue mkono na watasimama. Huenda baada ya vikao vya mwanzo akajisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu, na asidhani ameharibika. Wasipoelewana, ana ruhusa ya kwenda kwa mwingine. Na atakayoyasema hayatatoka humo, isipokuwa kama kuna uhai wa mtu ulio hatarini.

Eliufoo alisikiliza kama anavyosikiliza dalali wa ng'ombe. Kila alichoambiwa alikigeuza kuona upande wa chini. Kwamba angejisikia vibaya kwanza: hapo mama anajikinga mapema. Kwamba hayatatoka: kila mmbea huanza hivyo. Basi, akaamua kumpima.

"Kuna jambo linaninyima usingizi," alisema kwa sauti ya kutosha. "Nataka kuuza kihamba. Kile kipande cha chini, kinachopakana na mfereji. Kuna tajiri mmoja wa Himo ananingoja. Mke wangu hajui, ndugu zangu hawajui."

Hakukuwa na tajiri wala kipande cha kuuzwa. Babu yake alizikwa pale. Angeuza meno yake kwanza. Lakini alijua hakuna habari inayopanda mlima upesi kuliko mtu anayetaka kuuza kihamba kwa mgeni. Ikifika Marangu, atajua ilikotoka, maana ameisema mahali pamoja tu. Lukresia hakushangaa wala hakushauri. Aliuliza jambo hilo linamkalia wapi mwilini. Eliufoo akajibu tumboni, kwa kuwa alikuwa hajala. Ndugu wawili wakarudi nyumbani, Jacob kimya, na kimya kile Eliufoo alikichukulia kuwa ni kununa.

Jumapili kanisani hakuna aliyemtazama vibaya. Alianza kuona haya kwa kumshuku mama yule. Kisha katikati ya wiki Rachel akapiga simu, na sauti yake haikuwa na salamu. Mama amesikia baba anauza kihamba, kile cha chini, kwa mtu wa Himo. Amelia tangu asubuhi. Amesema kama nyumba yenyewe inauzwa kisirisiri, hakuna pa kurudi. Eliufoo aliomba azungumze naye. Eliona alikataa simu.

Mtu mwingine angelia naye. Eliufoo kwanza alifurahi, furaha mbaya ya mtu aliyesema wataniibia na kweli akaibiwa. Kesho yake alikuwa Moshi mapema, bila shahidi. Alimwekea Lukresia risiti yake mezani na kudai fedha, na pamoja na fedha hiyo alidai na mke wake.

"Nimekutega, mama, ukanasa," alimwambia. "Maneno yale niliyasema humu tu. Ni ya uongo, niliyatunga ili nikuone. Sasa yako Morogoro."

Lukresia hakupandisha sauti. Alimwomba amweleze maneno yaliyofika huko, neno kwa neno. Kisha akatazama dirisha. Siku ile, alisema, fundi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Siku zote kelele za cherehani yake hufunika chumba hiki. Akamwomba Eliufoo atoke, akakae kwenye benchi.

Eliufoo aliona huo ni ujanja mwingine, lakini alitoka, ili aone mwisho wake. Benchi lilikuwa chini ya dirisha. Fundi alikuwa mlangoni pake anakunywa chai, cherehani imenyamaza. Kutoka ndani sauti ya mama yule ikamjia, ya kawaida kabisa, ikisoma kalenda ya ukutani: Januari, Februari, Machi. Eliufoo hakukosa kusikia hata mwezi mmoja.

Akatoa simu, akampigia Jacob palepale. Jacob hakukana. Alionekana kushangaa kuulizwa. Alikuwa amesikia, ndiyo, na kwa sababu jambo ni la ukoo, akampigia shemeji yake ili alizuie mapema, kabla wazee hawajaitwa.

"Ulinileta niwe shahidi," alisema. "Shahidi gani asiyesikia?"

"Kaka, nilikwambia ungoje nje."

"Na nje ndiko nilikosikia. Au ulitaka nizibe masikio kwa kofia?"

Eliufoo alikata simu bila kuaga. Hakuwa na hasira ya kumtosha Jacob. Mzee wa watu alifanya kazi aliyoitiwa. Aliporudi ndani alimngoja Lukresia aseme: unaona, si mimi. Hakusema hivyo.

"Dirisha ni langu na benchi ni langu," alisema. "Nilikuahidi hayatatoka, yakatoka. Kosa ni langu, baba, hata kama maneno yalikuwa ya uongo. Fedha yako hii hapa."

Akatoka, akalibeba lile benchi mwenyewe hadi getini, akarudi akafunga dirisha. Eliufoo alimtazama kazi yote hiyo, akitafuta mahali anapoigiza. Alikwenda akalijaribu dirisha kwa mkono wake, akatoka nje akasikiliza, akaingia tena. Kisha akakaa, akamsogezea ile fedha.

"Godlove," alisema, na mkono wake ukainuka wenyewe. Wakasimama. Lukresia akamwambia akanyage sakafu, ataje vitu anavyoviona. Akataja miwani, kalenda, tishu. Akaendelea.

Godlove alikuwa mpagazi wake, kijana wa Kilema. Asubuhi moja, katika safari yao ya mwisho, walikuwa wanavuka bonde la mawe, mlima ukaporomoka bila onyo. Sauti yake ilikuwa kama lori linamwaga kokoto. Vumbi liliposhuka, Godlove alikuwa amefunikwa hadi kifuani, na mkono mmoja nje. Eliufoo aliushika. Godlove akamwambia, kaka, usiniachie. Hakuuachia. Wenzao walipofika na machela, mkono ulikuwa umepoa zamani, na ilibidi vidole vya Eliufoo vibanduliwe kimoja kimoja.

"Mke wangu akinishika mkono nikiwa nimelala," alisema, "mimi huwa niko pale. Namvuta atoke."

Tishu hakuigusa. Alijifuta kwa kiganja, akauliza kama mama yule ana karatasi na kalamu. Simu Eliona asingeipokea, na nyumba ya Rachel ina watu wengi wa kusikiliza. Saa ilikuwa imekwisha. Lukresia alimpa karatasi, akamwachia meza. Hakuomba kusoma.

Aliandika kwamba kihamba hakiuzwi, na kwamba yale yalikuwa maneno ya kumtega mtu ambaye hakustahili. Aliandika habari ya bonde, na mkono, na akamwambia kwamba hapo ndipo yeye huwa akifumba macho. Hakumwomba arudi. Aliandika kwamba wiki ijayo atakwenda tena Moshi, peke yake, na kwamba njia ya kwenda huko anaijua.

Posta alinunua bahasha na stempu. Alimuuliza karani kama kuna watu wanaofungua barua za wenzao njiani. Karani akamwambia mzee, siku hizi hata za kutuma hazipo, nani ahangaike kufungua. Eliufoo alilamba gundi, akabana ukingo kwa dole gumba kutoka pembe hadi pembe, akaurudia, akaishika bahasha juu ya mwanga kuona kama maandishi yanasomeka. Hayakusomeka. Akaitumbukiza.