Betri Iliyovimba Tumbo

Baba yangu, mzee Nikolaus, ana kisu kimoja chembamba anachokithamini kuliko redio yake. Ujana wake aliumalizia kuchunga ng'ombe wa shamba la mkonge kule Rudewa, na mpaka leo ng'ombe wa mtu akivimba tumbo kwa majani mabichi, anaitwa yeye. Anapapasa ubavu wa kushoto, anatoboa mara moja, hewa inatoka, mnyama anasimama. Sifa zake anazo na mimi sibishi. Ila mimi ng'ombe sina. Nina droni, ambayo baba huiita mdoli.

Droni ni ya kikundi chetu cha wakulima hapa Mikumi, kandokando ya hifadhi, na mrushaji ni mimi. Inalia kama nyuki, na tembo na nyuki hawapatani. Mtihani ni betri zake. Kwenye mafunzo Kilosa mjini tuliambiwa usiichaji ukaiacha peke yake, usiichaji karibu na kitu kinachoshika moto, na ikivimba, usithubutu kuiminya wala kuitoboa, maana itawaka hapohapo. Kwa hiyo mimi huichajia ndani ya chungu chenye mchanga, na hukaa nayo kama mtu anayeuguza.

Mchana mmoja Goodhope, mwenyekiti wetu, akapiga simu: tembo wameingia shambani kwa mwenzetu Hildegarda. Betri moja ilikuwa imejaa, ya pili iko kwenye chaja. Busara ilikuwa kuichomoa. Mimi na busara tukapishana mlangoni.

"Baba, kaa na hii betri. Ukiona inavimba, nipigie."

"Ivimbe kwa nini?"

"Wewe kaa tu, baba." Sina subira ya kueleza mambo, kijiji kizima kinajua.

Huko shambani mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye rimoti huku simu ikitetemeka mfukoni. Tembo walipogeuka kurudi hifadhini nikaishusha droni, nikampigia baba.

"Amevimba," akasema. "Njoo. Kisu nimeshakinoa."

Simu ikakata. Nikapiga tena, haipatikani. Simu ya baba haijawahi kuwa na chaji siku inapohitajika.

Hildegarda alikuwa bado ananishukuru. Nikamwacha na shukrani zake, nikachukua baiskeli yake bila kuomba. Njiani nilimgombeza baba kwa sauti, nikajigombeza mwenyewe, mwisho nikaanza kusali. Kule mafunzoni tulionyeshwa video ya betri iliyotobolewa: moto ulitoka kabla aliyeitoboa hajaondoa mkono. Nami akilini nilimwona baba ameinama, anapapasa, anatafuta ubavu. Niliogopa sana. Baba ninaye mmoja.

Nilimkuta uani, kwenye kigoda, kisu mapajani. Chungu kilikuwa mbele yake, na ndani yake betri imeumuka kama andazi. Nzima.

"Weka kisu chini," nikasema, bila adabu yoyote. Akakiweka. Nikakaa palepale kwenye vumbi nikalia, mtu mzima mimi. Mungu si Athumani.

"Nimemwachisha kula," baba akaeleza, akinionyesha waya alioung'oa. "Halafu nikamtoa nje na chungu chake, asiwe karibu na magunia ya mahindi."

"Mbona hukutoboa?"

"Kushoto kwake sikukuona."

Nikacheka huku nalia. Nilipomweleza kilichokuwa kinamngoja, hakucheka. Alikisukuma kisu kwa mguu, mbali.

Betri ya namna ile haiachwi na umeme wake. Nikavuta kigoda cha baba nyuma, nikaiunganisha na taa kuukuu ya gari kwa waya mrefu, ikiwa bado mchangani, taa iinyonye umeme taratibu. Tukakaa mbali, kivulini, tukiangalia ile taa. Sijawahi kufurahia kukaa bure kama siku ile. Kila nikimgeukia, yupo. Taa ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazima. Moshi hatukuuona.

"Amekufa?"

"Amekufa, baba." Bado lilikuwa linaniwasha swali moja. "Na kama ungekuona huko kushoto?"

"Nisingetoboa." Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza. "Wewe hukuwepo. Ng'ombe wa mtu hatobolewi mpaka mwenyewe aseme, hata kama anakata roho. Kisu nilinoa, nikakaa kukungoja. Huyu ni wako."

Miezi yote ile kwake droni ilikuwa mdoli tu.

Akainuka, akanipa mkono, vile anavyowapa wafugaji waliopoteza mnyama.

"Pole, mwenye ng'ombe," akasema.

Nikaupokea kwa mikono miwili.